Kusikia Baridi Lodwar: Dawa za Saratani ya Figo na Tezi ya Shingo

Mtu akijifunika blanketi mjini Lodwar saa saba mchana, wakati joto limefika nyuzi 35 na mabati hayagusiki, majirani hawatasubiri kuambiwa. Watasema ni malaria. Mara nyingi watakuwa wamesema kweli, na ni vyema apimwe malaria siku hiyo hiyo. Lakini yuko mgonjwa mmoja ambaye hata kipimo hicho kikionyesha hana vimelea, msomaji, usirudi naye nyumbani ukiwa umeridhika. Huyo ni mgonjwa anayemeza dawa za saratani ya figo.

Dawa hizo ni zipi? Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, sorafenibu na sunitinibu ziliidhinishwa nchini Marekani, na matibabu ya saratani ya figo iliyosambaa mwilini yakabadilika sana. Sunitinibu huenda umeiona ikiuzwa kwa jina Sutent. Baadaye zilifuata pazopanibu mwaka 2009 na aksitinibu mwaka 2012. Uvimbe wa figo una uchu wa damu. Hutuma ishara mwilini ili uoteshewe mishipa midogo mipya ya kuulisha, na kazi ya dawa hizi ni kuzuia ishara hizo zisipokewe. Uvimbe ukikosa chakula hunywea, au angalau huacha kukua kwa muda.

Shida ni kwamba uvimbe si peke yake unaotegemea mishipa ya aina hiyo. Mbele ya koo kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iitwayo thairoidi, na kwa ukubwa wake hupitisha damu nyingi ajabu. Tezi hii hutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kichomwe vipi, joto litunzwe vipi. Wataalamu wanaamini kwamba dawa inapofinya mishipa ya uvimbe, mishipa ya tezi nayo hufinywa, na kazi yake ikadorora.

Mwaka 2006 madaktari wa Boston walieleza jinsi walivyofuatilia wagonjwa 42 waliotumia sunitinibu kwa aina nyingine ya saratani, ile ya uvimbe wa utumbo na tumbo. Zaidi ya thuluthi moja walipata upungufu wa kudumu wa homoni za tezi. Mwaka uliofuata ikaja taarifa ya wagonjwa 66 wa saratani ya figo waliotumia dawa hiyo hiyo, na 56 kati yao vipimo vya tezi havikuwa sawa. Kwa hiyo hili si jambo la kumpata mmoja kati ya elfu.

Dalili zake zina hila. Mgonjwa huchoka hata kabla ya kufanya lolote. Huhisi baridi wenzake wakitafuta kivuli. Choo huwa kigumu, ngozi hukauka, sauti hukwaruza, uso huvimba asubuhi, na kumbukumbu huwa nzito. Sasa hebu fikiria mzee wako yuko Kakuma, nawe uko Nairobi. Anakuambia kwa simu kwamba nguvu zimeisha. Utasema nini? Utasema ni saratani, na pengine utaanza kuwapigia ndugu simu za huzuni. Au mzee mwenyewe ataamua kuwa dawa ndiyo inayommaliza, aiache bila kumwambia mtu. Hapo ndipo hatari ilipo, maana anaacha dawa inayozuia uvimbe kwa sababu ya tatizo linalotibika kwa tembe moja kwa siku.

Usidanganywe pia na shingo. Wengi wetu tukisikia tezi tunafikiria rovu, ule uvimbe wa shingo, na tunaanza kuongeza chumvi yenye madini ya joto. Tezi iliyodorora kwa dawa hizi inaweza kuwa ndogo kabisa. Chumvi haitaifufua, na kwa kuwa dawa hizi pia hupandisha shinikizo la damu, chumvi nyingi ni kumtafutia mgonjwa balaa la pili.

Wapo pia wanaoanza kinyume. Tezi inapoumia humwaga homoni zilizokuwa akiba, na kwa wiki chache mgonjwa hukonda, hutetemeka na moyo hudunda, kisha ghafla anaingia kwenye baridi.

Kinachotoa jibu ni damu. Kipimo huitwa TSH, na kinafaa kufanywa kabla ya dawa kuanza, kisha kila baada ya wiki chache katika miezi ya mwanzo. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kilomita 120 hivi, na kutoka Lodwar hadi Kitale ni kama 300, kabla hujafika Eldoret kwenye hospitali kubwa ya rufaa. Kwa mkimbizi wa Kakuma kuna pia suala la kibali cha kutoka kambini. Kwa hiyo muulize daktari kama sampuli inaweza kusafirishwa badala ya mgonjwa. Maji ya damu yakitenganishwa na kuwekwa kwenye baridi huvumilia safari.

Upungufu ukithibitishwa, daktari ataandika levothairoksini, ambayo wengi wanaijua kwa jina Eltroxin. Kwa wazee na wenye moyo dhaifu huanza na kipimo kidogo, na damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Usimnunulie dukani kwa kukisia. Ikizidi husumbua moyo. Dawa ya saratani kwa kawaida huendelea, ila uamuzi ni wa daktari.

Tembe hiyo humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Si kwa chai ya maziwa, wala kwa maziwa ya mbuzi au ya ngamia. Dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma, za kalisi na za kiungulia zikae mbali nayo kwa saa nne. Na joto la Turkana ni adui wake, kwani huidhoofisha. Ukimtumia mzee dawa kwa basi, mwombe anayeibeba asiiache kwenye kioo cha mbele, na mzee aiweke ndani ya pakiti yake, mahali pakavu palipo na ubaridi kuliko kwingine nyumbani, mbali na mabati na dirisha.