Kisanduku cha Filamu na Chanzo cha Hitilafu Zake

Tarehe 29 Februari 2012 ilipotolewa sokoni kwa mara ya kwanza, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyobuniwa na Eben Upton na wenzake mjini Cambridge, Uingereza, ilikusudiwa kuwafundisha vijana elimu ya kompyuta kwa bei ambayo mzazi wa kipato cha wastani angeimudu, nayo bei hiyo ilikuwa dola 35 za Kimarekani kwa kibao chenye ukubwa wa kadi ya benki. Haukupita muda watu wakakitia kibao hicho katika kazi ambayo waliokibuni hawakuitanguliza: walikichomeka nyuma ya televisheni na kukipakia programu ya Kodi, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 2002, ilipoandikwa kwa ajili ya mashine ya michezo ya Xbox, na ambayo jina ilinalo leo ilipewa mwaka 2014. Hivyo wakajipatia, kwa gharama haba, hazina ya filamu, muziki na picha za nyumba nzima. Baadaye ikazuka mifumo iliyoundwa kwa kazi hiyo peke yake, mathalan LibreELEC na OSMC, ambayo mtu huiandika katika kadi ya kumbukumbu, akawasha, akatazama.

Kisanduku hiki kinapogoma, picha ikaganda katikati ya tukio, au skrini ikabaki nyeusi, au sauti ikatoweka, jambo la kwanza linalomjia mwenye nyumba ni kuituhumu programu: huifuta na kuipakia upya, hubadilisha toleo, hugeuza setingi kumi kwa mkupuo mmoja, na baada ya taabu yote hiyo hitilafu ama inabaki palepale, ama inatoweka siku mbili tatu kisha inarejea, wala yeye hawezi kusema ni lipi kati ya yale aliyoyatenda lililoleta nafuu. Rai yangu ni kwamba utafutaji uanzie nje ya programu, katika umeme, waya, kadi na faili la filamu lenyewe, kwa utaratibu usiorukwa, na kila mara jambo moja pekee libadilishwe na kujaribiwa kabla ya kuligusa la pili.

Umeme ninautanguliza kwa makusudi, maana ndio unaopuuzwa kuliko yote, na hila yake ni kwamba hujificha katika sura za maradhi mengine. Mtu huona kisanduku kinawaka, taa zake zinamulika, orodha ya filamu inapita vizuri, akahukumu kuwa umeme hauna taksiri. Kumbe kuwaka ni jambo moja na kushiba ni jambo jingine. Kibao hiki kinapoonyesha orodha tu hula umeme kidogo, lakini filamu ikianza, prosesa ikachapa kazi, na diski ya nje iliyochomekwa katika tundu la USB ikaanza kuzunguka, ulaji huongezeka ghafla, na hapo ndipo chaja dhaifu na waya mwembamba hudhihirika.

Tupige hesabu. Chukua chaja ya simu inayotoa volti 5 kamili, na waya ambao ukinzani wake, kwa kwenda na kurudi, ni omu 0.3, kiasi kisicho cha ajabu kwa nyaya ndefu na nyembamba za bei rahisi. Kisanduku na diski yake vikivuta ampea 1.5, waya pekee utameza volti 0.45, na kinachofika kwenye kibao ni volti 4.55. Kwa matoleo mengi ya Raspberry Pi mpaka wa hatari ni karibu volti 4.63, chini ya hapo kibao hujihesabu kuwa kina njaa, nacho hupunguza kasi ya prosesa ili kijinusuru. Mtazamaji haoni volti. Anachokiona ni picha inayokwamakwama, au diski inayopotea na kurudi, naye huilaumu filamu. Ndiyo sababu chaja rasmi za vibao hivi hutoa volti 5.1 badala ya 5, ile sehemu ya kumi ya ziada ikiwa ni akiba ya kufidia kinachopotea njiani. Na ndiyo sababu toleo la 3 liliandikiwa ampea 2.5, toleo la 4 ampea 3, na toleo la 5 ampea 5. Hili la mwisho, likipewa chaja ya ampea 3, litawaka bila kinyongo, ila litayabana matundu yake ya USB yasipate jumla ya zaidi ya ampea 0.6, na diski kubwa isiyo na umeme wake yenyewe haitazunguka.

Zipo njia za kuupata ushahidi pasipo kubahatisha. Katika mifumo ya zamani alama ya radi ya manjano hujitokeza pembeni mwa skrini, juu upande wa kulia, umeme unapopungua. Wengi huiona wakadhani ni pambo la programu. Katika mifumo mipya alama hiyo huenda isionekane, bali anayeweza kuingia ndani ya kisanduku kwa kompyuta nyingine, kwa njia ya SSH, ataandika amri moja, vcgencmd get_throttled, na kibao kitamjibu kwa namba. Jibu likiwa 0x0, tangu kilipowashwa hakijaona njaa wala joto la kupindukia. Likiwa 0x50005, ile 5 ya mwisho yasema kuwa umeme ni mdogo saa hii hii na kasi imepunguzwa, na 5 ya mwanzo yasema kuwa mambo hayo mawili yamekwisha kutukia tangu kuwashwa. Likiwa 0x50000, sasa hali ni shwari lakini njaa ilipita, na yaelekea ilipita wakati filamu ilipokuwa inachezwa. Mtu akiisoma namba hii kabla ya kubadilisha chaja, akabadilisha chaja na waya wake pamoja, kwa kuwa hivi viwili vinahesabika kuwa kitu kimoja, akatazama filamu ileile na kuisoma namba tena, atakuwa amepata hukumu isiyo na shaka kwa muda usiozidi wa filamu moja.

Joto nalo husomwa humohumo. Kibao kikifikia nyuzi 80 za Selsiasi huanza kupunguza kasi, na kwa nyumba za mwambao, ambako hewa yenyewe ni ya moto na kisanduku kimefichwa nyuma ya televisheni ndani ya kabati lisilopitisha upepo, kiwango hicho si baidi. Kukitoa kabatini na kukiwekea bamba la kupooza aghalabu hutosha.

Baada ya umeme huja kadi. Kadi ndogo ya kumbukumbu, ambayo ndiyo inayobeba mfumo mzima, haipendi kukatiwa umeme inapoandikwa, na katika miji yetu ambako umeme hukatika bila ya kupiga hodi, kadi nyingi hufa kwa sababu hiyo kuliko kwa uzee. Dalili zake ni kisanduku kushindwa kuwaka asubuhi baada ya kukatika kwa usiku, au kuwaka kikiwa kimesahau setingi zake na orodha ya filamu zilizokwisha kutazamwa. Hapo taa ya kijani hutoa habari: ikipepesa mara nne na kutua, kisha mara nne tena, mafaili ya kuanzishia hayakupatikana, ikipepesa mara saba, kiini cha mfumo ndicho kisichoonekana. Dawa ni kuandika mfumo upya katika kadi nyingine iliyonunuliwa kwa muuzaji anayeaminika, maana zipo kadi bandia zinazojidai kuwa na nafasi ya GB 64 ilhali ndani mna sehemu ndogo tu, na mtu huzigundua siku zinapojaa. Kadi mpya ikiwaka na ya zamani isiwake, kibao chenyewe kimeondolewa tuhuma.

Skrini nyeusi si dalili ya kifo daima. Kwanza, matoleo ya 4 na ya 5 yana matundu mawili madogo ya HDMI, na lile lililo karibu na tundu la umeme ndilo la kwanza. Anayetumia waya mmoja na auchomeke hapo. Pili, kibao huiuliza televisheni, wakati wa kuwaka, inaweza kupokea picha za namna gani, na televisheni iliyozimwa huenda isijibu. Basi iwashwe kwanza televisheni, kisha kisanduku. Na anayetaka picha za 4K kwa mara 60 kila sekunde hana budi kuwa na waya uliothibitishwa kubeba gigabiti 18 kwa sekunde, la sivyo skrini itawaka na kuzimika kila baada ya dakika kadhaa, naye atadhani televisheni yake imeharibika.

Sasa tuje kwenye filamu yenyewe, mlango ambao nauona kuwa na elimu nyingi zaidi na ambao watu huupita mbio. Filamu haiwekwi katika faili ikiwa nzima, kwani ingekuwa kubwa kupita kiasi. Hubanwa kwa mbinu fulani, na kisanduku hulazimika kuifungua papo kwa papo inapochezwa. Kazi ya kufungua yaweza kufanywa na sehemu maalumu ya chipu iliyoundwa kwa mbinu hiyo, nayo huifanya bila jasho, au yaweza kuachiwa prosesa ya kawaida, nayo hutumia nguvu nyingi na pengine isiwahi. Vibao vya kwanza viliweza kufungua mbinu iitwayo H.264 kwa chipu, lakini MPEG-2, ambayo ndiyo ya DVD, ilihitaji leseni iliyouzwa pauni 2.40, na VC-1 ikauzwa pauni 1.20, hivyo watu walishangaa kuona filamu mpya inachezwa vizuri na DVD ya zamani inakwama, jambo ambalo kwa mujibu wa akili ya kawaida lingekuwa kinyume. Toleo la 4, lililotoka mwaka 2019, lilikuja na chipu ya kufungua mbinu ya HEVC hadi 4K, lakini H.264 kwa chipu ikabaki katika ukubwa wa 1080. Toleo la 5, la mwaka 2023, lilibaki na HEVC na likaiacha kabisa chipu ya H.264, kwa kuwa prosesa yake ina nguvu ya kuifungua yenyewe. Ama mbinu ya AV1, hakuna hata kibao kimoja kati ya hivi chenye chipu ya kuifungua.

Mwenye kibodi na aibonyeze herufi o filamu inapochezwa, na Kodi itamwonyesha jina la mbinu iliyotumika pamoja na herufi HW ikiwa chipu ndiyo inayofungua, au SW ikiwa ni prosesa. Faili moja likikwama na mengine yote yakapita, na hilo moja likaonyesha SW huku likiwa la 4K, tatizo limejieleza: si kisanduku kibovu wala programu mbovu, bali mzigo usiolingana na mbebaji, na suluhu ni kulibana upya faili hilo kwa kompyuta kubwa au kutafuta nakala ya HEVC. Ikiwa mafaili yote hukwama, msomaji na arudi kwenye umeme.

Kuna na mtikisiko mwingine mdogo ambao si wa kukwama hata kidogo, unaoonekana kamera inapopita polepole juu ya mandhari. Filamu za senema hupigwa picha 24 kwa sekunde, na televisheni nyingi huonyesha 60, na 60 haigawanyiki kwa 24 bila kubakiza. Basi picha moja huonyeshwa mara mbili na inayofuata mara tatu, na jicho makini huhisi kilema hicho. Kodi ina setingi ya kuifanya televisheni ifuate mwendo wa filamu, nayo iwashwe pale televisheni inapokubali.

Kwa wanaohifadhi filamu katika kompyuta nyingine na kuzivuta kwa mtandao wa nyumbani, jaribio ni fupi: faili hilohilo linakiliwe katika flashi na kuchezwa kutoka humo. Likipita, kosa liko katika mtandao, na waya wa mtandao ni bora kuliko wai-fai. Hata hivyo vibao vya kabla ya mwaka 2018 haviwezi kupita megabiti 100 kwa sekunde kwa waya, na njia hiyo huitumia pamoja na diski za USB.

Yote yakishindikana ndipo programu iulizwe, nayo hujibu kwa kumbukumbu yake iliyoandikwa, faili liitwalo kodi.log. Faili hili huanzishwa upya kila Kodi inapowaka, na lililotangulia huhifadhiwa kwa jina la kodi.old.log, wala hakuna la tatu. Kwa hiyo anayezima na kuwasha mara mbili baada ya hitilafu huwa ameufuta ushahidi aliouhitaji. Linakiliwe kwanza, kisha viongezo vyote vilivyopachikwa ndani ya Kodi vizimwe, na virudishwe kimojakimoja, huku kila kimoja kikipewa jioni yake ya majaribio.

Na siku kisanduku kitakapotulia, kabla ya kuongeza chochote, LibreELEC ina sehemu katika setingi zake ya kutengeneza nakala ya akiba ya setingi za mfumo na za Kodi. Nakala hiyo huwekwa katika kadi ileile, kwa hiyo ihamishiwe kwenye flashi au kompyuta nyingine siku hiyohiyo, na flashi hiyo iandikwe tarehe na toleo la mfumo kwa kalamu isiyofutika.