Kamera ya michezo ya watoto: Bodi iwe ya mtumba, fedha ziende kwenye lenzi

MZAZI anayekwenda uwanjani Jumamosi asubuhi na simu ya mkononi ili kumpiga picha mwanawe akicheza mpira, hurudi nyumbani na picha zenye nyasi nyingi na mtoto mdogo kama punje ya mchele. Wiki inayofuata huanza kuulizia bei za kamera Kariakoo. Hapo ndipo fedha za wengi hupotea, kwani kinachosifiwa dukani ni kamera yenyewe, wakati kinachomleta mtoto karibu ni lenzi.

Hata hivyo, hali ya soko kwa sasa iko upande wa mnunuzi. Kwa mujibu wa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera chenye makao yake Japani, mwaka 2010 kamera za dijitali zaidi ya milioni 121 zilisafirishwa kutoka viwandani kwenda sokoni duniani kote. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu ndiyo iliyozimeza kamera ndogo za mfukoni. Mwaka huohuo wa 2020 kamera zisizo na kioo ndani zilizipita kwa idadi kamera za DSLR, yaani zile kubwa zenye kioo kinachoruka kila picha inapopigwa.

Canon na Nikon zilitoa DSLR zao za mwisho za daraja la juu mwaka huo, EOS-1D X Mark III na D6, kisha zikahamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo. Wapiga picha wa kulipwa wa Ulaya, Marekani na Japani wanauza vifaa vya zamani ili wanunue vipya, na mzigo huo ndio unaoingia katika masoko ya mitumba, ukiwamo unaofika Afrika Mashariki kupitia Dubai.

Mfano mzuri ni Canon EOS 7D. Ilipotoka mwaka 2009 bodi yake peke yake iliuzwa dola 1,699 Marekani. Leo katika masoko ya mitumba ya huko hupatikana kwa chini ya dola 300. Kasi yake ya picha 8 kwa sekunde haijapungua kwa sababu bei imepungua. Wenye studio wa enzi za filamu wataielewa kasi hiyo vizuri zaidi: filamu ya picha 36 ingekwisha kwa sekunde nne na nusu.

Lakini sababu hiyohiyo inayompendeza mtumiaji inapaswa kumtia hofu mweka mali. Bodi ya DSLR si kitu cha kununua na kuweka kabatini kwa matumaini kwamba kesho itapanda. Inashuka, na itaendelea kushuka. Anayenunua anunue kwa ajili ya kazi ya kuifanya.

Lenzi kwanza

Bodi nyingi mpya za bei ya chini huuzwa pamoja na lenzi ya 18-55mm. Lenzi hiyo ni nzuri kwa sherehe ya kuzaliwa sebuleni. Uwanjani hesabu yake ni mbaya. Kwenye bodi ya Canon ya sensa ndogo, mtoto mwenye urefu wa mita 1.3 akiwa umbali wa mita 10 hujaza chini kidogo ya nusu ya kimo cha picha hata lenzi ikivutwa hadi mwisho. Akifika mita 20 amebaki robo. Na uwanja wa mpira, hata ule wa watoto, una urefu mkubwa kuliko huo.

Lenzi ya 55-250mm kwenye bodi hiyohiyo humjaza mtoto huyo picha nzima akiwa mita 22, na nusu ya picha akiwa mita 44. Tofauti hiyo haiwezi kuletwa na bodi yoyote, iwe ya gharama gani. Ndiyo maana anayeanza anashauriwa kuuliza bei ya lenzi ndefu kwanza, kisha kinachobaki ndicho atafutie bodi.

Kwa upande wa Canon, ya kuulizia ni EF-S 55-250mm yenye maandishi ya STM, iliyotoka mwaka 2013 kwa dola 349. Matoleo mawili yaliyoitangulia yana jina karibu lilelile bila STM na hufokasi polepole zaidi. Ipo pia EF 75-300mm, ambayo wauzaji hupenda kuiongeza kwenye furushi ili mteja aone kapewa lenzi mbili. Haina kituliza-mtikisiko, fokasi yake ni ya kusuasua, na ikivutwa hadi mwisho picha hulegea. Ni lenzi ya bei ndogo ambayo mwisho wake huwa ghali, kwa sababu mwenye nayo hununua nyingine baada ya miezi michache.

Kwa Nikon, AF-S 70-300mm VR ya mwaka 2006 bado ni chaguo la maana. Mnunuzi wa Nikon ana mtego mmoja wa kuuepuka. Bodi za D3000 na D5000 na ndugu zao waliofuata katika namba hizo hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi za zamani za AF na AF-D zitaingia na kufunga sawasawa, lakini hazitafokasi zenyewe. Kwa mtoto anayekimbia, hiyo ni sawa na kutokuwa na lenzi. Upande wa pili, lenzi mpya za AF-P hazifanyi kazi ya fokasi kwenye bodi za zamani kama D90 na D7000. Muuzaji asiyejua atasema zote ni Nikon, na hapo hatakuwa amedanganya.

Mwanga wa saa 12 jioni

Ili mguu wa mtoto anayepiga mpira usigeuke ukungu, shata inapaswa kufunga kwa 1/1000 ya sekunde, au angalau 1/500 kwa watoto wadogo. Mchana wa jua kali wa Dar es Salaam jambo hilo si tatizo hata kwa lenzi ya bei nafuu ya f/5.6. Kwa ISO 400 kamera inaweza kufika 1/2000 bila kuhangaika.

Shida huanza baada ya saa 11 jioni. Mechi nyingi za mitaani huanza jua likiwa limepoa, na jua huzama kati ya saa 12 na saa 1. Kwa lenzi ya f/5.6 mpiga picha atalazimika kupandisha ISO hadi 3200 au zaidi, na bodi za zamani kama 7D hapo huanza kutoa picha zenye chengachenga. Lenzi ya 70-200mm ya f/2.8 ingeingiza mwanga mara nne zaidi, lakini toleo la pili la Canon lilitoka mwaka 2010 kwa dola 2,499, na mtumba wake bado si wa mtu anayeanza.

Kwa michezo ya ukumbini, kama mpira wa kikapu, au netiboli ya uwanja mdogo ambapo mtu anaruhusiwa kukaa karibu na mstari, kuna njia ya mkato. Lenzi ya Canon ya 50mm f/1.8 STM ilitoka mwaka 2015 kwa dola 125 tu, na huingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6. Haivutiki, hivyo anayesogea ni mpiga picha kwa miguu yake. Wenye uwezo zaidi hutafuta 85mm f/1.8.

Bodi zipi

Baada ya lenzi kupatikana, bodi za kutazamwa si nyingi. Canon 70D ya mwaka 2013 hupiga picha 7 kwa sekunde, na 80D ya mwaka 2016 kasi ileile, ikiwa na alama 45 za fokasi. Nikon D7100 na D7200 hupiga 6. Anayepata D500 ya mwaka 2016 kwa bei anayoimudu, yenye picha 10 kwa sekunde, asisite.

7D iliyotajwa juu ina kasoro moja ya kibiashara. Inatumia kadi za CF peke yake, ambazo leo ni adimu na ghali kuliko SD za kawaida, na kisomeo chake pia kitafutwe. Ongezeko hilo liingizwe kwenye bei kabla ya kufurahia unafuu. Nayo D7100 hujaa haraka ikipiga picha za RAW, takriban sekunde moja na imeshika breki. Anayeanza apige JPEG na hataliona tatizo hilo.

Mzigo wa Japani una mambo yake. Canon 700D huko huitwa Kiss X7i, na Marekani Rebel T5i. Ni kamera moja, asiuziwe mtu kama toleo jipya. Baadhi ya Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani tu, na fundi akisema atabadilisha lugha, aibadilishe kwanza kabla ya kulipwa.

Kuvu na hesabu ya shata

Adui mkubwa wa lenzi za mtumba katika mwambao ni unyevu. Kuvu huota ndani ya vioo kama nyuzi za buibui, na haionekani kwa kutazama juujuu. Mnunuzi aichukue lenzi, afungue tundu lake lote, amulike tochi ya simu kutoka nyuma na kutazama kwa mbele. Akiona nyuzi, airudishe, hata kama bei imeshushwa nusu. Baada ya kununua, vifaa vikae kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Begi la ngozi kabatini ni shamba la kuvu.

Shata nayo ina umri. Canon hukadiria picha 100,000 kwa 70D na 80D, na 150,000 kwa 7D. Nikon hutaja 150,000 kwa D7100 na 200,000 kwa D500. Kwa Nikon idadi iliyokwisha kupigwa huandikwa ndani ya faili la picha, hivyo mnunuzi apige moja na kuisoma kwenye kompyuta. Kwa Canon nyingi huhitajika programu maalumu, na muuzaji asiyekubali kifaa chake kiunganishwe na kompyuta ameshatoa jibu.

Mtaji utarudi lini

Wapo wanaonunua kwa ajili ya mwana wao, na wapo wanaotazama shule za kandanda za watoto, mashindano ya UMITASHUMTA na bonanza za mitaa kama soko. Kwa hao wa pili tuchukue hesabu ya mfano. Mtu ametenga Sh. 1,000,000. Akiweka 800,000 kwenye bodi mpya na lenzi yake fupi, kilichobaki hakitoshi lenzi ndefu ya maana. Akigawa 450,000 kwa bodi ya mtumba, 350,000 kwa lenzi, na 200,000 kwa betri ya pili, kadi mbili na begi, anaweza kuanza kazi Jumamosi inayofuata.

Akibakiwa na Sh. 30,000 kila Jumamosi baada ya nauli na vocha, mtaji utarudi kwa Jumamosi 34. Shule hufungwa Juni na Desemba, kwa hiyo ni karibu mwaka mzima. Akibakiwa na 15,000 ni Jumamosi 67, na kufikia wakati huo bodi yenyewe itakuwa imeshuka thamani. Kwa hesabu hiyo, anayekopa kwa riba ya kila mwezi ili anunue kamera anafanya biashara ya kumnufaisha mkopeshaji. Anayetumia akiba, na ambaye angekuwa uwanjani hata hivyo kwa sababu mwanawe anacheza, yuko mahali pazuri zaidi.

Jambo moja lisipuuzwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Anayepiga watoto wa watu kwa ajili ya kuuza apate idhini ya wazazi kwa maandishi kupitia shule au kocha, na asibandike picha hizo kwenye ukurasa wake kama tangazo bila kuulizwa wenyewe. Mzazi mmoja aliyekasirika anaweza kumfungia mtu lango la shule nzima.

Kwa wenye maduka, ushauri ni tofauti kidogo. Wasijaze rafu kwa bodi za DSLR kwa sababu tu bei ya jumla Dubai inavutia, kwani kila mwezi zinazokaa ni hasara. Kinachotoka taratibu lakini kwa uhakika ni vifaa vinavyoingia kwenye kamera nyingi. Betri ya LP-E6 ya Canon, iliyoanza na 5D Mark II mwaka 2008, hutumika pia kwenye 7D, 70D na 80D. EN-EL15 ya Nikon hutumika kuanzia D7000 hadi D500. Feki zake ni nyingi, na mteja aliyezimikiwa kamera dakika ya 60 ya mechi hukumbuka duka alikonunua.