Kusoma Muhula Mmoja Katika Chuo cha Ugenini

Mzazi wa Ivuna aliyekwisha kumpeleka kijana wake chuoni kwa taabu, akiambiwa ya kwamba kijana huyo ataka kwenda kusoma muhula mmoja katika chuo kingine cha nchi hii hii, huuliza: "Chuo anacho, anatafuta nini tena?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Sisi wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi mfano tunao nyumbani. Imamu alizaliwa Gaza, akalelewa Makka, akasoma Madina kwa Imamu Malik, akaenda Iraq, na mwisho akahamia Misri, alikofariki mwaka 820. Alipokuwa Misri alizipima upya hukumu nyingi alizozitoa Iraq. Ndiyo maana wanavyuoni hutaja kauli yake ya kale na kauli yake mpya. Elimu yake haikuwa haba kabla ya safari ile, lakini ugeni ulimzidishia.

Afrika ya Mashariki nayo ilipata kulijaribu jambo hili. Tangu mwaka 1963 hata 1970 palikuwa na Chuo Kikuu kimoja chenye vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kijana wa kwetu aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, na aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Na wa Uganda au Kenya aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Hivyo walijifunza kazi zao, na pamoja nazo wakajuana.

Tena ugeni humfundisha mtu thamani ya kwao. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna. Mawe ya aina yake ni machache mno duniani, na wataalamu wa kila nchi huiita aina hiyo kwa jina la Ivuna. Hata machimbo yetu ya chumvi yamechunguzwa na wataalamu wa mambo ya kale, wakaona ya kwamba kazi hiyo ni ya karne nyingi. Huenda kijana aliyekulia hapa akayasikia hayo mara ya kwanza kwa mwalimu wa mbali. Na mwenziwe wa pwani, akija kusoma Mbeya, ataona mashamba na desturi asizozijua. Huko ndiko kubadilishana: kila mmoja hutoa na kupokea.

Lakini pana masharti. Kwanza, vyuo vyote viwili viandike ni masomo gani yatakayohesabiwa, na alama zitapelekwaje; asiye na hati hiyo aweza kulazimika kuyarudia. Pili, ijulikane ada italipwa chuo gani, na mwenye mkopo wa Serikali aiulize Bodi ya Mikopo kabla ya kufunga mzigo. Tatu, malazi yapatikane mapema, hasa kwa binti, na pawe na jamaa au mtu mwaminifu wa kumwangalia. Nne, kijana akumbuke ya kwamba huko atahesabiwa kuwa mjumbe wa wazazi wake: sala zake, ulimi wake na bidii yake ndivyo vitakavyowasifu au kuwaaibisha.

Ndugu mzazi, yasipotimia hayo, mwambie mwanao angoje muhula mwingine. Yakitimia, mwombee dua umwache aende. Usiwe wewe ndiwe mlango uliofungwa.