Wingu Tingima: Bibi aliyeanza kuchora uzeeni, kazi zake zikavuka mipaka

KATIKATI ya Australia kuna mahali ambapo mipaka ya majimbo matatu inakutana jangwani: Australia Magharibi, Australia Kusini na Northern Territory. Wapitjantjatjara waliishi na kutembea huko muda mrefu kabla mistari hiyo haijawekwa kwenye ramani. Mmoja wao alikuwa Wingu Tingima, aliyeshika brashi akiwa tayari bibi, na ambaye leo kazi zake zimo katika National Gallery of Australia mjini Canberra.

Wingu alizaliwa porini, wakati ambao hakuna aliyeandika tarehe. Alikulia katika maisha ya kuhama kufuata maji na chakula. Baadaye alifika Ernabella, misheni iliyoanzishwa na Wapresbiteri mwaka 1937, akafanya kazi ya kusokota sufu. Chumba cha kazi za mikono kilichofunguliwa hapo mwaka 1948 kipo hadi leo kama kituo cha sanaa.

Kuchora kulikuja miaka mingi baadaye. Mwaka 2001 kilipoanzishwa kituo cha sanaa Irrunytju, Australia Magharibi, Wingu alikuwa miongoni mwa wazee waliojitokeza. Kisha alivuka upande wa Australia Kusini, akachora katika kituo cha Tjungu Palya, kijijini Nyapari.

Alichokichora zaidi ni Kungkarangkalpa, kisa cha dada saba wanaomkimbia Nyiru, mwanamume anayewawinda. Dada hao hupaa angani na kuwa zile nyota ambazo Waswahili huziita Kilimia. Njia waliyopita inakatiza majimbo, na moja ya sehemu zake takatifu ni Kuru Ala, nchi ya ukoo wa Wingu. Si kila mtu anaruhusiwa kuichora. Haki hiyo hutokana na ukoo na ardhi.

Biashara ya picha hizo ina mambo yake. Vituo vya sanaa humilikiwa na wanajamii wenyewe. Kituo humpa msanii turubai na rangi, humtafutia soko, kisha humlipa sehemu yake na kubakiza kiasi cha kuendesha shughuli. Mnunuzi huondoka na cheti chenye jina la msanii na maelezo ya kazi.

Nje ya vituo hivyo wapo walanguzi. Mwaka 2007 kamati ya Seneti ya Australia ilitoa ripoti baada ya kusikiliza malalamiko kuhusu wasanii waliopunjwa, huku picha zao zikiuzwa mijini kwa bei kubwa.

Wingu alifariki mwaka 2010. Mwaka huohuo, mwezi Juni, ilianza kutumika sheria inayompa msanii asilimia 5 ya bei pale kazi yake inapouzwa tena na wafanyabiashara wa sanaa kwa dola 1,000 za Australia au zaidi. Akifa, haki hiyo hubaki kwa warithi kwa miaka 70.

Lakini malipo hayo yanahitaji kujulikana nani alichora, na picha ilitoka wapi. Ndiyo maana mnunuzi makini wa sanaa ya jangwani huuliza cheti kabla hajauliza bei.