Taka za Baada ya Sikukuu (3): Kutoka Tabata hadi Pugu Kinyamwezi

Malalamiko kuhusu taka zinazochelewa kuzolewa mitaani Dar es Salaam, ambayo hurudi magazetini kila Januari mara shamrashamra za Krismasi na Mwaka Mpya zinapokwisha, husomwa kama habari za uhaba wa magari na mafuta, ilhali chini yake limelala suala la haki ambalo Mahakama Kuu ililiamua zaidi ya miaka 30 iliyopita. Kwa kuwa sehemu mbili zilizotangulia zimekwisha kueleza aina za taka za nyumbani na safari yake hadi dampo, sehemu hii inaigeukia kesi ya Tabata, inayofahamika vema kwa wanasheria wa mazingira kuliko kwa wanaozalisha taka zenyewe.

Tabata palikuwa mahali pa wazi ambapo taka za jiji zilimwagwa kando ya makazi na kuchomwa, moshi, harufu na nzi vikiwaandama wakazi majumbani mwao. Mwaka 1988 wakazi hao walishtaki, na mahakama ikaiamuru Halmashauri ya Jiji ikome. Lakini Halmashauri iliomba muda, ikaongezewa, ikaomba tena. Ikumbukwe kwamba Hati ya Haki, yaani ile sehemu ya Katiba inayotaja haki za msingi za mtu, iliingizwa mwaka 1984 na ikaanza kudaiwa mahakamani mwaka huohuo wa 1988, kwa hiyo wino wake ulikuwa haujakauka. Jaji Lugakingira, alipoombwa muda mwingine, alikataa, akitegemea Ibara ya 14 inayompa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake, na akaona kwamba kuyahatarisha maisha ya watu kwa makusudi ni kuwanyima haki hiyo. Ni nadra kwa jalala kupata heshima ya kufafanuliwa kwa Katiba.

Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani wakashinda. Ikafuata Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, huku kila kituo kikitafutwa mbali kidogo na pua za wenye sauti. Anayemwaga pilau lililobaki, chupa na maboksi katika mfuko mmoja siku ya pili ya Krismasi anaiendeleza safari hiyohiyo, ingawa hujiona msafi kwa kuwa uwanja wake umefagiliwa.

Njia ya kuipunguza safari hiyo ni kutenga taka palepale zinapozaliwa, kabla chakula hakijalowesha karatasi na kuiharibia thamani. Maganda ya ndizi, viazi na matunda, ambayo yakifukiwa dampo pasipo hewa huoza na kutoa methani, gesi inayowaka na inayozidisha joto la dunia, hugeuka mboji yakichanganywa na majani makavu, yakatiwa maji kiasi na kupinduliwa mara kwa mara ili hewa ipite. Mifupa na mafuta ya nyama hayafai humo, kwa kuwa huvuta panya. Kopo la alumini huyeyushwa na kusubiwa upya kwa takribani asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuzalisha alumini mpya kutoka ardhini, na chupa za soda za kioo hurudi dukani na kreti lake, desturi ya busara ambayo chupa za plastiki zimeidhoofisha. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, haikuzigusa chupa hizo. Hubaki mikononi mwa waokota makopo, wanaozikusanya na kuziuza kwa kilo, na ambao familia nyingi huwafukuza getini Januari hiyohiyo zinapolalamika kwamba gari la taka halijapita.

Sehemu ijayo itaeleza bei ya kilo hiyo hupangwaje, na nani hufaidika nayo.