Duma: Kelele za Wasela wa Nairobi, Zimepikwa Kampala

Oya wanangu wa Nyakahanga, kuna albamu nikiiwasha geto washkaji wanauliza kama spika imeungua. Haijaungua. Hao ni Duma: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, kwenye sauti, na Sam Karugu kwenye gitaa na midundo. Wametokea kwenye bendi za metali za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Katikati ya 2019 wakaibukia Kampala, wakajichimbia studio za lebo ya Nyege Nyege kama miezi mitatu hivi. Agosti 2020 mzigo ukadondoka, ngoma tisa, moja wameibatiza kabisa “Uganda with Sam”.

Ni panki iliyooana na metali, halafu ikakimbizwa. Mpiga dramu hakuna. Kompyuta inatwanga mpaka mapigo yanageuka mvumo, gitaa linakwaruza kwa chini, Spikeheart anapasua koo juu yake. Noma sana! Mtu wa singeli hashtuki, spidi hiyo kaizoea. Na lebo ni ileile: Nyege Nyege Tapes ndio waliotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, singeli za studio ya Sisso ya Dar.

Hapo ndipo ninapopata mzuka. Sisi wa Karagwe tukiwaza kurekodi, akili yote Dar, safari ya kulala njiani. Kampala ipo hapo tu! Omurushaka, Kyaka, Mutukula, umevuka. Wa Kyerwa ndiyo kabisa, Murongo ni kuvuka mto Kagera tu upo Uganda. Wasee wale wa Duma hawakungoja redio iwaelewe. Walibeba walichonacho wakaenda kwa watu wenye masikio.

Na sisi tunacho. Enanga ya Kagera, mzee anakwanyua nyuzi zilezile, anarudia, anarudia, huku anasimulia vita vya zamani kwa sauti inayopanda na kushuka. Ule mzuka ni mzito kuliko gitaa lolote. Nataka kuusikia umechomekwa maiki, kompyuta ya msela wa Kayanga ikiutwanga kwa nyuma.

Mwaka 2024 Spikeheart katoa The Adept kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu, na humo kaita wageni kibao. Anza na “Lionsblood” ya Duma, sauti juu. Kama kwenu kuna enanga ya babu, au una koo tu, nicheki geto.