Kutunza Nyasi za Uwanja Kufuatana na Misimu ya Mvua

Masika yanapoanza mwezi Machi, maji hushuka kutoka miteremko ya Usambara Mashariki kuelekea mwambao wa Tanga yakiwa yamebeba udongo mwekundu. Sehemu ya udongo huo hutoka mashambani. Sehemu nyingine hutoka majumbani: katika nyua zilizoparuliwa hadi zikabaki tupu, viwanja vya shule na kingo za njia. Udongo huo huishia katika mitaro ya barabara, na mtaro ukijaa, maji hutafuta njia nyingine, mara nyingi mlangoni mwa mtu.

Desturi ya kuparua uwanja ina sababu zake. Nyoka huonekana mapema penye udongo mtupu, na uwanja uliofagiliwa huhesabiwa kuwa alama ya nyumba yenye watu nadhifu. Hata hivyo, ufagio wa kila asubuhi huondoa tabaka la juu lenye rutuba, miguu hushindilia kilichobaki, na baada ya misimu kadhaa msingi wa nyumba huanza kuchungulia. Unadhifu wa namna hiyo ni wa gharama kubwa. Nyasi fupi hazimpi nyoka maficho ya maana. Anachokipenda ni vichaka, marundo ya kuni na matofali yaliyosahauliwa nyuma ya nyumba.

Ukoka hutambaa juu na chini ya ardhi na hustahimili jua na kukanyagwa, kwa hiyo hufaa viwanja vya michezo. Kivulini hufifia. Chini ya mwembe au kando ya ukuta, nyasi za Pemba zenye jani pana hufanya vizuri zaidi. Aina zote mbili hupandwa kwa vipande vyenye vifundo mvua zinapoanza, iwe za masika au za vuli mwezi Oktoba, kwa nafasi ya shubiri moja na kwa mistari inayokinga mteremko. Mkazi mwenye shamba la mahindi jirani na uwanja auwekee ukoka mpaka wa mfereji mfupi, kwani ukishaingia shambani kuung'oa ni kazi ya miaka.

Makosa mengi hutokea wakati wa kukata. Mwenye nyumba huagiza nyasi zifyekwe hadi chini ili malipo ya fyekeo yakae muda mrefu. Akiba hiyo ni ya muda tu: nyasi zilizonyimwa majani hushindwa kulisha mizizi, mizizi hudhoofika, na magugu huota katika nafasi zilizoachwa wazi. Inashauriwa kutokuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Ukoka ubakizwe sentimita 3 hadi 5, na nyasi za Pemba sentimita 5 hadi 8. Wakati wa masika hilo huweza kumaanisha kukata kila wiki. Nyasi zisikatwe zikiwa zimelowa, kwa sababu majani huraruka na ukungu huingia kwa urahisi katika hewa yetu ya unyevunyevu. Mabaki mafupi yaachwe yaoze papo hapo. Hayo ni mbolea isiyonunuliwa.

Samadi iliyooza vizuri hutosha kwa nyua nyingi. Anayetumia urea asizidishe kilo moja kwa eneo la mita 10 kwa 10, ainyunyize majani yakiwa makavu, kisha amwagilie maji ili yasiungue. Isiwekwe mvua kubwa inapokaribia, kwa kuwa itasombwa hadi vijitoni na visimani.

Januari na Februari, jua linapokuwa kali, nyasi hugeuka rangi ya majani makavu. Ukoka wa rangi hiyo kwa kawaida haujafa. Umelala, na mashina yake ya ardhini yataamka mvua zikirudi. Katika miezi hiyo nyasi ziachwe ndefu kidogo, zisitiwe mbolea, na maji ya kisima yatumike kwa mahitaji ya lazima zaidi. Kuchoma moto uwanja ili usafike kunauacha udongo mtupu wiki chache tu kabla ya masika, yaani wakati mbaya kuliko wote.

Mvua za kwanza baada ya ukame huweza kuleta viwavijeshi, ambao hula nyasi na nafaka. Uwanja ukionekana umeliwa kwa siku chache, na viwavi weusi wenye mistari wakionekana kwa wingi, taarifa itolewe siku hiyohiyo kwa afisa ugani wa kata au kwa mtendaji wa kijiji. Wakimaliza nyasi, mahindi machanga ndiyo yanayofuata.